Je, Amani Husomewa?

Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani, Issenye, Wilaya ya Serengeti





1. Swali la mzee

Nilipokuwa nikijiandaa kwenda chuo kikuu nilikwenda kumuaga mzee mmoja wa ukoo wetu, kama ilivyo desturi. Akaniuliza nakwenda kusomea nini. Nikamjibu, "Baba mkubwa, nakwenda kusomea amani na migogoro." Alinyamaza kitambo, akavuta ugoro wake, kisha akasema: "Mwanangu, udaktari husomewa. Ualimu husomewa. Lakini amani, je, amani husomewa? Ugomvi wetu sisi ni wa ng'ombe na mipaka ya mashamba. Huko chuoni wana ng'ombe?"

Sikuwa na jibu. Nilicheka kwa heshima, nikapokea baraka zake, nikaondoka. Mzee huyo amekwisha kutangulia mbele ya haki, nami bado namdai jibu, au tuseme yeye ndiye anayenidai.

Leo swali lake limerudi kwa njia nyingine. Mmepokea maombi ya binti mmoja wa jumuiya zetu aliyepata nafasi ya kusomea somo hilo hilo. Anaomba asaidiwe nauli na sehemu ya karo ya mwaka wa kwanza. Fedha iliyopo ni ya sadaka za mavuno, nayo yatosha mtu mmoja tu. Wapo wanaosema afadhali apewe kijana wa uuguzi, kwa kuwa sindano huonekana na faida yake huonekana. Hoja hiyo si ya kubezwa. Mwenyekiti ameniomba nieleze somo hili ni kitu gani, ili mkikaa kuamua mwamue mkijua. Sikuja kuwaamulia.

2. Somo hili limetoka wapi

Kupatanisha watu ni kazi ya tangu mababu. Kukifanya kipaji hicho kuwa somo la chuo kikuu ni jambo la juzi. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wengi walijiuliza: ikiwa vipo vyuo vya kufundisha vita, kwa nini pasiwe na vyuo vya kufundisha amani? Mwaka 1948 chuo kidogo cha kanisa kiitwacho Manchester, katika jimbo la Indiana huko Marekani, kilianzisha masomo hayo. Mwaka 1959 Johan Galtung wa Norwei alianzisha taasisi ya utafiti wa amani mjini Oslo. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, kilifungua idara ya amani kwa juhudi za Waquaker. Profesa wake wa kwanza, Adam Curle, alikuwa amekwisha kujaribu kupatanisha pande mbili za vita vya Biafra nchini Nigeria. Mwaka 1980 Umoja wa Mataifa uliidhinisha Chuo Kikuu cha Amani nchini Costa Rica. Nao Wamenoniti, ambao sisi watu wa Mara tunawafahamu tangu walipofika Shirati mwaka 1934, walianza masomo ya namna hiyo mwaka 1994 katika chuo chao cha Harrisonburg, Virginia. Huko ndiko alikosoma Leymah Gbowee, yule mama wa Liberia aliyewaongoza wanawake wenzake kudai vita vikome, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2011.

Karibu nasi, Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji. Nairobi, Wajesuiti wa Chuo cha Hekima walianzisha taasisi ya masomo ya amani mwaka 2004.

Angalieni jambo moja. Wengi wa walioanzisha masomo haya walikuwa watu wa makanisa, tena makanisa madogo. Kanisa letu nalo halikukaa kimya: Papa Yohane wa 23 aliuandikia ulimwengu wote juu ya amani mwaka 1963, Papa Paulo wa 6 akaunda Tume ya Haki na Amani mwaka 1967, na Sinodi ya pili ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika, mwaka 2009, ilikaa wiki tatu juu ya upatanisho, haki na amani. Kamati yenu hii ni tawi la mti huo.

3. Linafundisha nini

Nitataja mambo matatu tu, yale ambayo kwangu mimi yalizaa matunda.

La kwanza ni kutofautisha utulivu na amani. Galtung, katika makala yake ya mwaka 1969, alieleza kwamba upo ukatili wa mkono unaopiga, na upo ukatili uliojificha ndani ya taratibu za maisha, usio na mkono unaoonekana, nao huua vilevile. Chukueni mfano wa kijiji ambacho mwaka mzima hakijasikia mlio wa bunduki usiku. Tunashukuru. Lakini humo yupo mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, na hakuna aliyeinua mdomo. Yupo kijana asiye na ardhi, asiye na mifugo, wala mtu wa kumsikiliza. Kijiji hicho kina utulivu. Amani bado hakina. Utulivu wa namna hiyo ni majivu juu ya kaa la moto.

La pili ni kutofautisha madai na mahitaji. Mkulima asema, "Ng'ombe wako wasipite hapa." Mfugaji ajibu, "Watapita." Hayo ni madai, nayo yamegongana kama vichwa vya mafahali. Lakini ukiwauliza mmoja mmoja, kwa upole, kwa nini, utasikia kwamba mkulima anaogopa mtama wake kuliwa kabla ya mavuno, na mfugaji hana njia nyingine ya kufika mtoni wakati wa kiangazi. Hayo ni mahitaji, na mahitaji yaweza kukaa nyumba moja. Huenda njia ikapatikana pembeni. Huenda wakakubaliana juu ya miezi.

La tatu ni kuuchora ugomvi kama mtu achoravyo ramani: ni nani wanaogombana, nani wanawachochea, nani wanafaidika, nani wanaumia, na nani anaaminiwa na pande zote mbili. Mara nyingi sisi huwaona wawili wa kwanza tu, tukawahubiria hao, tukarudi nyumbani tukidhani kazi imekwisha.

4. Mfano wa Tarime

Ili msidhani nasema maneno matupu, nitawapa mfano wa jirani. Katika miaka ya 1990 mtafiti mmoja Mmarekani, Michael Fleisher, alikaa miongoni mwa Wakuria wa Tarime akichunguza wizi wa ng'ombe. Kitabu chake kilitoka mwaka 2000.

Wengi wetu husema wizi wa ng'ombe ni mila. Fleisher alionyesha kwamba mila ile imebadilika tumboni ingawa ngozi ni ile ile. Zamani vijana waliteka ng'ombe wa maadui ili kukuza zizi na kuonyesha ushujaa. Siku hizo alizozichunguza yeye, ng'ombe wengi waliibwa ili wauzwe. Wengi walivushwa kwenda Kenya, kwa kuwa mpaka wa wakoloni uliwagawa Wakuria huku na huku, nao wezi walijua kuutumia. Koo za Wakuria zilikuwa zikiibiana zenyewe kwa zenyewe. Na bunduki zilizidi kuenea baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979. Alieleza pia jinsi wananchi walivyojaribu kujilinda kwa baraza lao la jadi, iritongo, na kwa sungusungu, ule ulinzi ulioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Sasa tuchore ramani yetu. Ikiwa wizi ni mila tu, basi tutawahubiria vijana waache mila. Lakini ikiwa wizi ni biashara, basi yupo mnunuzi. Yupo mwenye gari. Yupo anayeandika hati ya ng'ombe asiyemjua mwenyewe. Yupo mwenye bucha anayenunua nyama ya bei nafuu alfajiri bila swali. Na nitasema neno gumu, nanyi mnivumilie: yupo baba anayetaja mahari ya ng'ombe wengi kwa binti yake, na mifugo ikiletwa hauulizi mguu wake ulikotoka. Baba huyo aweza kuwa mmoja wetu tuliokaa hapa, aweza kuwa mzee wa kanisa. Kijana anayekamatwa usiku na kupigwa mpaka kufa ni yule wa mwisho katika mlolongo mrefu. Wale wengine twasalimiana nao sokoni.

Hilo ndilo somo la amani linalofanya: halituruhusu kumaliza hesabu kwa mtu mmoja.

5. Chuo kikuu kilikuja kwetu

Mzee wangu aliuliza kama huko chuoni wana ng'ombe. Laiti angelikuwa hai ningemwambia: Baba mkubwa, ng'ombe hawana, ndiyo maana walikuja kwako.

Mwanahistoria Jan Bender Shetler, wa chuo cha Wamenoniti cha Goshen huko Marekani, alikaa na wazee wa Nata, Ikoma, Issenye, Ngoreme na Ikizu akisikiliza masimulizi yao. Mwaka 2003 alitoa kitabu cha historia zilizoandikwa na watu wa Mara wenyewe, na mwaka 2007 akatoa kingine juu ya kumbukumbu za nchi ya Serengeti. Aliyoyakuta humo ni hazina kwa mtu wa haki na amani.

Wazee walimsimulia miaka ya taabu ya mwisho wa karne ya 19: njaa, magonjwa ya watu na ya ng'ombe, na mashambulizi ya Wamaasai. Watu walitawanyika, wakakimbilia kwa jirani, wakapokelewa, wakaingizwa katika rika na ukoo wa wenyeji. Mtafiti huyo anaeleza kwamba makabila yetu kama tuyajuavyo leo yalichukua sura hiyo baada ya dhiki ile. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba wengi wetu tulio wakali juu ya damu ya kabila tu wajukuu wa wakimbizi waliopewa moto na mbegu na watu wa kabila jingine.

Tena fikirini habari ya Watatoga. Ugomvi wetu nao juu ya mifugo na malisho ni wa miaka mingi. Hata hivyo Waikoma husimulia kwamba Machaba, zile pembe za ndovu walizoziheshimu kama kinga ya nchi yao, walizipata kwa nabii wa Kitatoga. Waliotuitia vita na waliotuombea heri walikuwa majirani wale wale. Anayesema kwamba sisi na wao hatukupata kuwa na jambo la pamoja, hajawauliza wazee.

Na yapo majeraha ambayo hayakutoka kwa jirani. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na katika miaka ya 1990 yakaja mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Wazee huonyesha kwa kidole mahali palipokuwa maskani na mawindo ya babu zao, ambapo leo mjukuu akikanyaga huitwa jangili. Hifadhi ni hazina ya taifa, nami sisemi ibomolewe. Nasema tu kwamba malisho yakipungua upande mmoja, mkulima na mfugaji husukumana upande wa pili, kisha tunawaambia kuwa wao ndio wagomvi. Ramani isiyoonyesha mpaka wa pori ni ramani pungufu.

6. Kosa langu mwenyewe

Ningekuwa mwongo kama ningewaonyesha mazuri tu. Nilipohitimu nilirudi na cheti changu, na baada ya miezi michache nikaombwa kusuluhisha familia mbili zilizogombea mpaka wa shamba. Nilijiandaa sana. Niliandika karatasi, nikapanga viti kwa duara kama tulivyofundishwa, nikawaita wanaume wa pande zote mbili. Tulizungumza kutwa nzima. Jioni wakatia saini. Nilirudi nyumbani nikijipongeza.

Baada ya wiki mbili mahindi yalifyekwa usiku, na kijana mmoja akakatwa panga mkononi. Alipona, lakini vidole viwili havifanyi kazi hadi leo.

Nilikuja kugundua baadaye kwamba bibi mmoja wa familia ya pili, aliyeolewa pale kabla ya wanaume wale kuzaliwa, ndiye aliyejua mti wa mpaka ulisimama wapi kabla haujakatwa. Pande zote mbili zilimheshimu. Siku ile alikuwa jikoni akitupikia chai, nami niliinywa. Sikumuuliza neno. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kutafuta mtu anayeaminiwa na pande zote. Nilimtafuta miongoni mwa waliokaa kwenye viti.

Nikimwona kijana yule sokoni, hunisalimu kwa mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo shahada yangu ya pili.

7. Waliotangulia bila shahada

Kwa hiyo chuo peke yake hakitoshi. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, koo za Wasomali zilipigana vikali mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanawake wachache walianza kukutana, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi. Walianzia sokoni: wakahakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote aweza kuuza na kununua bila kubughudhiwa. Kisha wakawaendea wazee, na mwaka 1993 wazee wa koo wakafikia mapatano. Baadaye wakawaendea vijana wenye silaha, wafanyabiashara na maofisa wa serikali, mpaka juhudi zao zikaungwa na kamati ya wilaya. Dekha alikwenda kuwafundisha wengine katika nchi nyingi, akapewa tuzo ya kimataifa mwaka 2007, akafariki mwaka 2011 kwa ajali ya gari. Kazi ilianza kwenye soko la maziwa. Masomo yaliifuata na kuipanua.

Mwalimu Nyerere naye, jirani yetu wa Butiama, alisoma Makerere na Edinburgh, lakini hakusomea somo liitwalo amani. Hata hivyo tangu mwaka 1996 hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999 aliwasuluhisha Warundi. Mandela aliipokea kazi hiyo, na mapatano yakatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Hata hapo mapigano hayakukoma siku hiyo. Saini ni mbegu, si mavuno.

8. Basi tufanye nini?

Nimesema sikuja kuwaamulia. Lakini mtu akiulizwa njia hawezi kunyamaza akisingizia unyenyekevu. Maoni yangu ni haya.

Kwanza, yule wa uuguzi na huyu wa amani wasipimwe kwa mizani ya kuonekana. Muuguzi hushona mkono uliokatwa panga. Huyu mwingine angefaa kufika kabla ya panga. Mkiona mwaka huu zahanati ina shida kubwa zaidi, mwamue hivyo kwa dhamiri safi, lakini msiseme kwamba amani si elimu.

Pili, mkimpeleka binti huyu, mpelekeni kwa masharti ya upendo. Kabla hajaondoka akae na wazee na bibi zetu mwezi mmoja, asikilize mipaka, viapo, na jinsi rika lilivyopatanishwa. Akifika mahali pa kuandika utafiti wake, auandikie hapa Issenye, na nakala moja iletwe parokiani, kwa Kiswahili, isomwe katika jumuiya. Asiende kama mtu wa kuokolewa kijijini. Aende kama mtu aliyetumwa.

Tatu, tumtayarishie mahali pa kurudi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Jiulizeni: katika vijiji vyenu wanawake hao wapo kweli, au ni majina kwenye karatasi? Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata halihukumu tena mashauri ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Yaani serikali yenyewe imeiacha kazi ya usuluhishi mikononi mwa watu wa karibu. Nani amewafundisha? Hapo ndipo penye kiti cha binti huyu, na hapo ndipo penye vyenu pia.

Nne, tusingoje arudi. Wazee wetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mahari, ufa wa mnunuzi wa nyama ya alfajiri, ufa wa shamba la mjane, hauhitaji shahada kuuziba.

Mzee wangu, popote ulipo, jibu langu ni hili. Amani husomewa, kama vile ufugaji unavyosomewa siku hizi. Lakini aliyesoma bado hana budi kuamka usiku zizi linapolia.

 

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo

1. Taja ugomvi mmoja katika kitongoji chetu ambao umetulia lakini haujapatanishwa. Nani anaumia kimya kimya?

2. Katika wizi wa ng'ombe, ni watu gani wanaofaidika bila kushika silaha? Je, sisi wenyewe tumo kwa njia yoyote?

3. Ni nani katika kijiji chetu anayeaminiwa na pande zote mbili? Je, huitwa kwenye kikao, au huitwa kupika chai?

4. Katika baraza la ardhi la kijiji chetu, wajumbe wanawake ni wangapi, na hupewa nafasi ya kusema?

5. Ni jambo gani moja jumuiya yetu yaweza kulifanya kabla ya kikao kijacho cha Haki na Amani?